Mwongozo Kamili: Kuongeza Uzito Salama na wa Gharama Ndogo kwenye Boti ya Wekibodi Ziwani Victoria

Wapenzi wengi wa wekibodi katika ufukwe wa Mwanza, yaani wale wanaoteleza majini juu ya ubao huku wakivutwa na boti, hukwama mahali pamoja. Boti inavuta vizuri na kamba imenyooka, lakini wimbi linalobaki nyuma ni dogo na laini mno, kiasi kwamba anayeteleza hana ukingo wa kurukia. Anashauriwa aongeze uzito, anapakia viroba vya mchanga, na baada ya safari mbili tatu ama pampu imeziba, ama injini imeshindwa kuinua boti, ama maji yameingia kwa nyuma na siku imeishia katika kuyafua, yaani kuyatoa nje, kwa ndoo.

Mabaharia wa pwani wana neno lao kwa mzigo unaowekwa chomboni ili kikae vizuri majini: farumi. Nitalitumia neno hilo hapa. Mwongozo unahusu boti ya faiba yenye urefu wa mita tano hadi saba na injini ya kufunga nyuma, kwa kuwa boti za aina hiyo ndizo wengi wetu tulizo nazo. Hauhusu mitumbwi ya mbao, ambayo haifai kuongezewa uzito kwa ajili ya mchezo.

## Vifaa vya kuandaa

- Madumu ya plastiki ya lita 20 yenye vifuniko vya kuzungusha, kuanzia manne hadi kumi.
- Mikanda ya kufungia mizigo isiyovutika, au kamba ya nailoni. Mipira ya kufungia mizigo ya bodaboda haifai, kwa sababu hurefuka boti inaporuka juu ya mawimbi na mzigo huanza kutembea.
- Vipande vya zulia kuukuu au mkeka wa mpira wa kutandika chini ya madumu.
- Futi kamba, utepe wa rangi unaoshika kwenye maji, daftari na kalamu.
- Ndoo mbili na kata ya kufulia maji, hata kama boti ina pampu.
- Jaketi okozi moja kwa kila mtu, pamoja na la mtu wa jaribio la kwanza.
- Mwenzako mmoja anayeijua boti. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja.

## Hatua ya 1: Fahamu kikomo kabla ya kutafuta uzito

Wengi huanza kwa kuuliza waweke nini, ilhali swali la kwanza ni boti imebakiza nafasi kiasi gani. Boti nyingi zilizotengenezwa Marekani au Ulaya huwa na kibao kidogo karibu na usukani au upande wa nyuma, kinachotaja idadi ya watu na uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa. Kama kibao kimebanduka, tumia idadi ya watu iliyoidhinishwa kwenye hati za ukaguzi wa chombo chako. Vyombo vidogo vya ziwani husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, na kama boti haijawahi kukaguliwa, ikaguliwe kwanza kabla ya kuiongezea hata dumu moja.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme, ukishaondoa uzito wa injini, kibao kinaruhusu kilo 680. Mnakwenda watu watano, na kila mmoja tunamkadiria kilo 80 pamoja na nguo na jaketi, kwa hiyo ni kilo 400. Nanga, sanduku la barafu, mbao za kutelezea na tangi la petroli la kubebeka ni kilo 70 nyingine. Zinabaki kilo 210. Mimi huacha theluthi moja ya salio bila kuigusa, kwa sababu daima kuna kitu kilichosahaulika na kuna mawimbi yasiyotarajiwa. Kwa hiyo farumi ya safari hiyo haizidi kilo 140, sawa na madumu saba yaliyojaa maji.

Anayeteleza lazima ahesabiwe kana kwamba amekaa ndani ya boti. Wako wanaomtoa katika hesabu kwa hoja kwamba yumo majini, wakisahau kwamba akichoka au akiumia atapandishwa, tena pengine wakati ambapo upepo umekwisha kuchafuka.

Uzito huu hauwekwi juu ya idadi kamili ya watu, bali huchukua nafasi ya watu ambao hawakuja. Ukileta mgeni mmoja zaidi, shusha madumu manne kwanza, na mgeni asiyeelewa sababu aelezwe akiwa bado nchi kavu. Mwanza imezika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018, na vyombo vyote viwili vilipinduka vikiwa vimezidisha mzigo. Sidhani kama kuna haja ya kulieleza zaidi.

Utajua umefaulu pale ambapo kwenye daftari lako kuna tarakimu moja ya kilo, na umeipigia mstari.

## Hatua ya 2: Chagua kitu cha kubeba uzito

Jibu langu ni maji ya ziwa lenyewe, ndani ya chombo kilichofungwa na kujazwa mpaka juu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo huhitaji mizani. Maji yenyewe hayauzwi. Hayabebwi kutoka nyumbani, na jioni hurudi yalikotoka, wala boti haikokotwi kwenye trela ikiwa na nusu tani ndani.

Sababu kubwa zaidi, hata hivyo, ni usalama. Maji yaliyomo ndani ya dumu, boti ikijaa na kuzama hadi ukingoni, hayaivuti chini, kwa sababu uzito wake ni sawa na wa maji yanayoyazunguka. Mchanga hauko hivyo. Kiroba cha kilo 50 kikiwa chini ya maji bado kinavuta kwa takriban kilo 31, na jiwe la matale la uzito huohuo, ambayo mji wetu umejaliwa kila kona, linavuta vivyo hivyo. Chuma cha kilo 50 kinavuta kwa takriban kilo 43, na madini ya risasi kwa zaidi ya kilo 45. Boti ya faiba yenye povu ndani ya kuta zake huelea kwa msaada wa povu hilo hata ikijaa maji, na povu hilo limepimwa kwa ajili ya boti, injini na sehemu tu ya mzigo. Ukijaza viroba sita vya mchanga, umeliongezea kazi ya karibu kilo 190 ambayo halikupewa.

Mchanga una kasoro ya pili ambayo niliijua kwa gharama yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza niliweka viroba vitano vya mbolea nilivyovijaza mchanga wa ufukweni. Kimoja kilipasuka mshono tukiwa mbali kidogo na Kisiwa cha Saa Nane, mchanga ukateremka taratibu, ukaingia kwenye pampu, na pampu ikaungua. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo na omo ni mbele; ngama ni kule chini kabisa ya chombo ambako maji machafu hujikusanya, na kila unachokimwaga ndani ya boti kitafika huko.

Vitu vingine nitavipitia haraka. Matofali ya saruji hukwaruza faiba na kumomonyoka. Vyuma chakavu vina ncha, hupata kutu, na vikiwekwa karibu na dira huipotosha. Risasi ni sumu. Usinunue iliyotolewa kwenye betri za magari na usikubali mtu aiyeyushe uani, hata kama bei inavutia. Tyubu za matairi ya trekta hubeba maji mengi, lakini tundu lake ni dogo mno, kuijaza na kuimwaga huchukua muda mrefu, na hujiviringisha ovyo. Mifuko ya turubai nzito la plastiki ni mizuri, nami nitaieleza katika Hatua ya 7, ila haifai kuwa mahali pa kuanzia.

## Hatua ya 3: Andaa madumu

Chukua madumu yaliyokuwa na mafuta ya kula. Usichukue yaliyobeba dawa za mifugo, viuatilifu vya pamba au tindikali, kwa sababu maji hayo utayarudisha ziwani ambako watu wanachota ya kunywa. Osha kwa maji ya moto na sabuni mpaka utelezi uishe, kwani dumu lenye mafuta huponyoka mikononi na hata kwenye mikanda.

Jaza dumu nchi kavu, funga kifuniko, liweke ubavuni, kisha likalie kwa dakika moja. Kama kifuniko kinavuja, weka kipande cha mpira wa tyubu kilichokatwa duara ndani yake na ujaribu tena. Dumu lililopasuka mpini litupwe. Mpini ndio utakaopitisha mkanda.

Dumu lijazwe mpaka maji yafurike kabla ya kufunga. Maji ya nusu dumu hukimbilia upande ambao boti imeinamia, na huko huongeza ulalo uleule uliotaka kuuzuia. Dumu moja halina hatari kubwa, lakini madumu kumi yaliyojaa nusu, au mfuko mmoja mpana uliojaa nusu, huifanya boti ichelewe kunyanyuka kutoka kila wimbi. Kanuni ni rahisi: dumu liwe limejaa kabisa, au liwe tupu kabisa na limefungwa. Likiwa tupu na kufungwa linakuwa boya, na hiyo ni faida ambayo hakuna jiwe litakupa.

Tahadhari kuhusu kichocho. Ziwa letu lina kichocho, na konokono wanaokieneza hupenda maji ya kina kifupi yenye majani. Usisimame ufukweni kwenye magugu ukijaza madumu. Jaza ukiwa ndani ya boti, kwenye kina kirefu mbali na gugumaji, kwa ndoo yenye kamba au kwa pampu ndogo. Kamwe usivute maji kwa mdomo kupitia mpira.

## Hatua ya 4: Panga na ufunge

Mahali pa uzito huamua umbo la wimbi zaidi ya wingi wake. Uzito ukisogea nyuma, yaani tezini, wimbi hupanda na kuwa kali. Ukisogea mbele, yaani omoni, wimbi hurefuka na kulainika, na boti hupanda juu ya maji kwa urahisi zaidi. Kwa wekibodi anza na sehemu tatu nyuma kwa mbili mbele. Katika mfano wetu wa madumu saba, weka manne nyuma, mawili kila upande, na matatu mbele katikati.

Tandika zulia, laza madumu, kisha pitisha mkanda kwenye kila mpini na uufunge mahali imara pa boti, si kwenye miguu ya viti. Tikisa kila dumu kwa mkono. Likicheza hata kidogo, fungua na uanze upya. Dumu la kilo 20 linaloruka katikati ya wimbi linaweza kuvunja mguu wa mtu.

Acha wazi njia ya kufikia ngama, pampu, betri na tangi la petroli. Usipandishe madumu juu ya viti wala kuyapanga kwa ghorofa. Kadiri uzito unavyokaa juu, ndivyo boti inavyokuwa nyepesi kupinduka.

Katika wekibodi pande mbili lazima zilingane. Wale wanaoteleza juu ya wimbi bila kamba huilaza boti upande mmoja kwa makusudi, lakini hiyo ni kazi ya boti zilizoundwa kwa ajili yake.

## Hatua ya 5: Jaribio la gatini

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Inachukua nusu saa, na asubuhi ndiyo wakati wake, kabla upepo wa mchana haujaanza.

Kwanza, boti ikiwa haina farumi, wakalishe ndani watu wote walioidhinishwa, kila mmoja kwenye kiti chake. Bandika utepe wa rangi pale maji yanapofika: nyuma, mbele, kulia na kushoto. Alama hizo nne ndizo kikomo chako cha kudumu. Pili, washushe wote, pakia farumi, kisha wapandishe wale tu mtakaokwenda nao. Alama yoyote isifunikwe na maji.

Angalia sana sehemu ya nyuma pale injini inapofungwa, kwani katika boti nyingi ukingo wa hapo umekatwa kwa chini. Boti ya mita sita yenye eneo la takriban mita kumi za mraba linalogusa maji hushuka sentimita moja kwa kila kilo 100 zilizotandazwa sawasawa. Kilo hizohizo zikirundikwa nyuma peke yake, ukingo wa nyuma hushuka zaidi ya hapo, huku wa mbele ukiinuka na kukudanganya kwamba hali ni shwari.

Mwisho, waombe watu wawili wahamie upande mmoja kwa taratibu. Boti inapaswa kuinama kidogo na kurudi mara wanapokaa. Ikiinama na kukawia, shusha madumu mawili na urudie.

Utajua umefaulu ukiona alama zote nne za utepe juu ya maji, na boti imekaa bila kulala upande.

## Hatua ya 6: Jaribio la mwendo

Nenda kwanza bila mtu wa kuvutwa. Ongeza mwendo polepole na uhesabu sekunde mpaka boti ipande juu ya maji. Andika. Kisha fungua moto wote kwa muda mfupi na usome mizunguko ya injini. Kitabu cha injini kinataja kiwango chake, na kwa injini nyingi za kisasa ni kati ya mizunguko 5,000 na 6,000 kwa dakika. Injini ikishindwa kufika hata mwanzo wa kiwango hicho, imelemewa, na ukiendelea hivyo utaichosha kwa joto.

Hapa ndipo ushauri wa video za ng'ambo unapotupotosha. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo injini ya petroli ya kawaida hupoteza karibu sehemu ya kumi ya nguvu zake kwa kuwa hewa ni nyepesi. Farumi ambayo injini hiyohiyo ingeibeba Dar es Salaam inaweza kuishinda hapa. Dawa ni kupunguza uzito au kufunga propela yenye mkato mdogo zaidi, yaani inayosukuma boti umbali mfupi zaidi kwa kila mzunguko. Kuikamua injini si dawa.

Mvute sasa mtu mzoefu kwa kamba ya mita 18 hadi 22 na mwendo wa kilomita 30 hadi 35 kwa saa. Wimbi zuri lina uso msafi bila povu kwenye ukingo wake. Likiwa na povu upande mmoja, hamishia upande huo dumu moja kutoka upande wa pili. Likiwa na povu pande zote, sogeza uzito mbele kidogo au ongeza kilomita moja au mbili za mwendo. Badilisha jambo moja kila mara na uliandike. Atakayebadilisha matatu kwa pamoja hatajua lipi limesaidia. Ukiongeza uzito, ongeza madumu mawili tu, kisha rudi kwenye jaribio la gatini.

Tahadhari wakati wa kusimama. Boti nzito iliyopunguza mwendo ghafla hufikiwa na wimbi lake yenyewe, nalo huingia kwa nyuma. Mtelezaji akianguka, punguza taratibu, subiri wimbi lipite, kisha geuka ukiwa na mwendo mdogo kabisa. Kama boti imefunguka mbele, usiache watu wakimbilie huko kumtazama aliyeanguka. Wala mtu asikae ukingoni nyuma injini ikiwaka, kwa sababu boti iliyozama tezini huvuta moshi wa injini kuurudisha ndani, na moshi huo una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Tahadhari kwa wavuvi. Wimbi ulilolitafuta kwa bidii ndilo linaloweza kujaza mtumbwi wa mtu mwingine. Kaa mbali na mialo kama Kirumba na Igombe, mbali na njia ya vivuko, na mbali na nyavu. Asubuhi kuna wavuvi wa dagaa wanaorejea wakiwa wamechoka na mitumbwi imejaa. Wape maji mapana na ushushe mwendo mpaka wapite.

## Hatua ya 7: Mifuko ya turubai na pampu, kwa aliyeshinda hatua zote

Kama madumu yamekuridhisha, ishia hapo. Anayechoshwa na kuyajaza moja moja anaweza kumpelekea fundi wa maturubai vipimo vya mfuko wa plastiki nzito iliyounganishwa kwa joto, si kwa uzi, kwani tundu la sindano huvuja. Mfuko wa sentimita 100 kwa 50 kwa 25 hubeba lita 125. Agiza midogo miwili badala ya mmoja mkubwa, na kila mmoja uwe na mdomo wa kujazia na tundu dogo la kutolea hewa lenye kifuniko. Hewa ikibaki ndani, maji hucheza.

Pampu ya volti 12 yenye uwezo wa lita 3,000 kwa saa hujaza mfuko huo kwa dakika tatu hadi tano. Ifunge na fyuzi ya kiwango kilichoandikwa kwenye pampu, karibu na betri. Usitoboe boti ili kuingiza maji. Ning'iniza mpira ukingoni. Ukimaliza kujaza, toa mpira majini mara moja. Ukiachwa, na ncha ya ndani iko chini ya usawa wa ziwa, maji yataendelea kuingia yenyewe hata pampu ikiwa imezimwa, na boti iliyoachwa hivyo wakati wa chakula cha mchana utaikuta imekaa chini.

Pampu hii isiwe ile ya kutolea maji ya ngama. Ile ya ngama ina kazi yake, na haiazimwi.

## Kumwaga na kuhifadhi

Mwaga maji yote palepale ulipoyachotea kabla boti haijapandishwa kwenye trela, ukianza na ya nyuma. Usiyabebe kwenda bwawa au mto mwingine, kwa sababu vipande vya gugumaji na mayai ya konokono husafiri humo. Acha madumu yakauke yakiwa yamefunguliwa na kuinamishwa kivulini, kwani jua la moja kwa moja huifanya plastiki iwe kavu na kupasuka. Kagua vifuniko na mikanda kila mwezi, na utepe wa alama ukianza kubanduka, rudia jaribio la gatini ukiwa na watu kamili kabla ya kubandika mwingine.